Pingili Nilizompelekea Dada Kabula

Niliondoka Ilemela siku ya Ijumaa asubuhi, bila chai na bila kuaga vizuri, kwa sababu ya mstari mmoja uliopanda kwenye kompyuta.

Mimi ni fundi wa maabara hapa Mwanza. Si mtafiti, na sina shahada za kutundika ukutani. Kazi yangu ni kusaga majani ya muhogo, kuyachanganya na dawa, kuyaweka kwenye mashine na kusubiri. Kusubiri ndiko kunakonishinda. Wenzangu wanasema siku nikistaafu itabidi sakafu ya korido ibadilishwe, kwa jinsi ninavyoikanyaga huku na huko. Mashine ile inatafuta alama za kirusi ndani ya jani. Kama kirusi hakimo, mstari unalala chini mpaka mwisho. Kama kimo, unainuka. Alhamisi mchana niliweka majani yaliyotumwa na rafiki yangu Lameck, mkulima wa Usagara, baada ya mavuno yake kumtia wasiwasi. Mstari ukainuka. Nikarudia kwa majani mengine ya bahasha ileile, ukainuka tena. Ulikuwa ugonjwa wa michirizi ya kahawia, ule unaoozesha mihogo ikiwa bado ardhini huku majani yakiendelea kupendeza.

Shamba hilo nalijua. Mwaka jana mvua zilipoanza nilisimama humo mwenyewe, nikachagua mashina yaliyonawiri, nikayakata pingili, nikafunga mzigo nyuma ya pikipiki na kumpelekea dada yangu Kabula ng'ambo ya ziwa, mbele ya Busisi. Sikupima hata jani moja. Mtu anayelipwa kupima majani. Nilitazama kwa macho, nikaona kijani, nikaridhika. Tena nilipofika kwa dada nilijigamba mbele ya majirani kwamba hiyo ni mbegu ya mtu wa maabara.

Sasa, kwetu mbegu ya muhogo haiuzwi. Mtu anayevuna hukata mashina, huyaegemeza kwenye ua wa nyumba, na yeyote anayepita na kuomba hupewa. Ukimnyima jirani pingili, jina hilo utakuwa nalo mpaka uzeeni. Dada alikuwa ameniambia kwamba angekata mashina Jumamosi, na wanawake watatu walikwisha kumwomba. Nilimpigia simu jioni yote bila kumpata, kwa kuwa simu yake huiwasha anapotaka kupiga yeye tu. Basi niliomba ruhusa kazini, nikapewa kwa shingo upande, na kulipokucha nikawa barabarani.

Saa mbili asubuhi, Usagara. Lameck alikuwa ananisubiri kando ya shamba na jembe begani. Nilimwambia majibu kabla hata sijavua kofia. Hakubisha. Alipiga jembe kwenye shina lililokuwa karibu, akatoa muhogo mnene, nikaukata kati kwa kisu. Nje ulikuwa muhogo wa kutolea mahari. Ndani ulikuwa na madoa makavu ya kahawia kutoka ubavu hadi ubavu.

Lameck aliniomba dawa ya kupuliza. Nilimwambia haipo, naye akaona namficha.

"Viwavi wana dawa, magugu yana dawa," alisema. "Hiki kidudu chako kina nini hata kikose dawa?"

Nilijaribu kumweleza, huku natembea kati ya matuta kwa sababu siwezi kueleza nikiwa nimesimama. Kiwavi ana mdomo wake na tumbo lake, ukimpulizia dawa inampata yeye. Kirusi hakina mdomo wala tumbo. Ni uzi mfupi wa maelekezo uliovikwa ganda la protini, na nje ya mmea hakifanyi lolote. Nzi mweupe akifyonza jani gonjwa kisha akahamia kwenye jani zima, anakiingiza ndani ya seli. Humo kinavua ganda na kuuacha uzi wazi. Kila seli ya muhogo ina mitambo midogo ya kutengeneza protini, ambayo kutwa kucha inasoma maelekezo ya muhogo wenyewe. Ikiukuta uzi wa kirusi inausoma vilevile, bila kuuliza umetoka wapi. Kinachotoka ni mkufu mrefu unaokatwa vipande, na kila kipande kina kazi: kimoja kinanakili uzi, kingine kinatengeneza maganda mapya, kingine kinawafunga mikono walinzi wa seli, ambao kwa kawaida hukatakata nyuzi ngeni. Nguvu ya kufanyia yote hayo inatoka kwa muhogo. Malighafi pia. Ni nguvu ileile ambayo mmea uliipata juani ili ujaze wanga kwenye mizizi.

"Ni mgeni aliyekuja mikono mitupu," nilimwambia. "Anapikia jiko lako, kuni zako, unga wako, na wapishi ni watu wa nyumbani kwako. Ukitaka kumchoma yeye, unachoma jiko."

Lameck alilitazama shamba lake lote, kijani mpaka barabarani. Akasema, "Basi jiko ndilo la kung'oa." Nikamwitikia kwamba ndilo. Alinifungia muhogo ule kwenye gazeti ili nikamwonyeshe dada, na nilipoondoka alikuwa amekwisha kuvua shati.

Saa tatu na nusu, Kigongo. Miaka yote nilikuwa mlalamikaji mkuu wa kivuko. Nilikuwa nafika hapo, nakuta foleni ya malori, nahesabu mabasi, nanunua samaki wa kukaanga ambaye sina hamu naye, nagombana na mtu yeyote aliye tayari kugombana. Sasa kuna daraja, na nilivuka kwa dakika chache tu, ziwa likiwa chini yangu pande zote mbili. Nikajikuta nautaka ule uvivu wa kivuko. Nilihitaji muda wa kupanga maneno. Unaanzaje kumwambia dada yako mkubwa, aliyekulea baada ya mama kufa, kwamba umemwekea ugonjwa shambani kwa mkono wako mwenyewe? Nilifika Busisi sina hata sentensi ya kwanza.

Baada ya Busisi niliacha lami na kushika barabara ya udongo inayoelekea ziwani. Hapo nilizidi kuharakisha, kwa sababu barabara ilikuwa na tope. Mvua ilikwisha kunyesha huku, na mvua ikinyesha hakuna anayesubiri Jumamosi. Kila shamba nililopita lilikuwa na watu wameinama. Nilikuwa nasimamisha pikipiki, nachungulia vifurushi vya pingili mabegani mwa watu nisiowajua, naondoka tena. Sijui nilitarajia kuona nini. Pingili ni pingili.

Saa tano kasoro, nyumbani kwa dada. Ua ulikuwa mtupu. Kwenye pembe ya jiko yalibaki mashina manne tu, na chini palikuwa na majani yaliyonyauka ya mengine mengi. Dada alitoka akijifuta mikono kwenye kanga. Nilimwamkia, akaitikia marahaba kwa furaha, akaniuliza habari za watoto, za kazi, za barabara. Alinieleza kwamba mvua ilipiga Jumatano, akaona asingoje. Alikata mashina jana asubuhi na kuwagawia wale wenzake watatu.

Nilitaka kusema palepale, lakini dada hasikilizi mgeni mwenye njaa. Alinikalisha, akaniwekea ugali wa udaga, ule muhogo uliovundikwa na kukaushwa, pamoja na samaki, akakaa kunitazama. Nilimeza matonge mawili. La tatu nililirudisha. Nikafungua gazeti, nikauweka ule muhogo wa Lameck kwenye sinia, kando ya ugali, na kumweleza yote tangu mstari wa kompyuta.

Nilidhani angeshtuka. Aliinua kipande kimoja, akakigeuza, akakirudisha.

"Yangu iko hivyohivyo," alisema. "Tangu kipupwe. Nakata palipooza, panapobaki naloweka."

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Najua niliuliza kwa ukali, na ukali huo haukumstahili yeye.

"Uliileta mwenyewe, Masanja, juani, na mgongo ulikuuma siku mbili. Ningekuambiaje kwamba zawadi yako imeoza? Nilisema labda ni udongo wa huku. Na majani yalikuwa mazuri."

Nilisimama nikatoka nje. Nilizunguka nyumba mara mbili, kuku wakinikimbia. Tangu kipupwe dada yangu alikuwa anakata uozo kwenye chakula chake ili asinivunje moyo, na mimi mjini nilikuwa nawasimulia watu jinsi nilivyomsaidia. Niliona aibu kuliko nilivyowahi kuona. Niliporudi ndani alikuwa amekwisha kujifunika kanga ya pili kichwani, ile ya kwendea msibani, na ameshika kisu. Alisema twende tukazirudishe zile pingili kabla hazijafukiwa.

Saa sita mchana tulianza kuzunguka. Sijawahi kuona mtu akidai arudishiwe pingili alizotoa bure, na kwa jinsi dada alivyokuwa anatembea nyuma yangu, hata yeye hakuwahi. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Mwalimu Devota, mwenyeji wa Kagera aliyehamishiwa shule ya pale. Pingili zake zilikuwa bado zimeegemezwa nyuma ya nyumba. Nilipotaja ugonjwa alinikatiza. Alisema kwao, ambako ndizi ndicho chakula, waliwahi kukata migomba iliyoshikwa na mnyauko mpaka uani, baba yake akala ugali miezi mingi kama mfungwa, kwa hiyo hahitaji kubembelezwa. Alivaa buti akatufuata.

Nyumba ya pili walikuwepo mume na mke. Walitusikiliza, wakabeba kifurushi chao, wakakiweka mbele ya miguu ya dada. Dada aliwashukuru, nao wakaingia ndani na kufunga mlango.

Saa saba na nusu, kwa Mama Nyanzobe. Huyu ni mjane aliyemzidi dada miaka mingi, na shamba lake linashuka mpaka kwenye matete ya ziwa. Tulimkuta anaosha jembe. Alikuwa amepanda zote tangu jana jioni, na matuta yake yalikuwa yamenyooka kuliko ya mtu yeyote kijijini. Nilimwamkia, nikaanza maelezo. Hakunitazama mimi. Alimtazama dada.

"Kabula," alisema, "umekuja kuninyima nilichokwisha kupewa?"

 Machozi yakamshuka dada, naye hakuyafuta.

Nikautoa ule muhogo wa Lameck niliokuja nao, nikaukata tena mbele yao. Mama Nyanzobe aliutazama, akasema kwamba huo ni wa Usagara, si wa Kabula, na kwamba yeye alipita shambani kwa Kabula mwezi uliopita akaona majani mazuri. Dada akasema kwa sauti ndogo kwamba yake imeoza vilevile, na kwamba alijua tangu kipupwe. Ndipo nikaeleza kwa nini majani hayasemi kweli. Jani linatengeneza sukari mchana, na sukari hiyo ina njia yake ya kushukia mizizini. Kirusi kikishajizidisha kwenye seli moja kinapanua vijitundu vinavyoziunganisha seli, kinapita, mpaka kinaifikia ile njia. Kisha kinashuka pamoja na chakula. Juu unaona kijani, labda manjano kidogo kwenye majani ya chini ambayo mtu hudhani ni uzee. Kule chini, kwenye ghala la wanga, ndiko kunakoharibika. Na ukikata shina hilo ukapanda, umekipanda nacho, kiko tayari ndani kinasubiri seli mpya zianze kazi.

Mama Nyanzobe alinisikiliza mpaka mwisho.

"Na haya uliyajua mwaka jana?"

"Niliyajua, mama."

"Ulipokuwa unachagua mbegu za dada yako uliangalia nini?"

Ningeweza kusema mengi. Kwamba nilikuwa na haraka, kwamba mvua zilikaribia, kwamba mashine ilikuwa na kazi nyingine. Mwalimu Devota alikuwa ananitazama, dada pia.

"Niliangalia majani," nikasema.

Alinipa jembe lake lililokuwa bado linadondosha maji. "Basi fukua wewe."

Nilifukua. Pingili zilikuwa zimelazwa vizuri, kila moja mahali pake, na kwenye nyingine macho ya kuchipulia yalikuwa mekundu. Nilitaka kwenda haraka nimalize, lakini ukifukua kwa haraka unaikata, na kipande kinachobaki ardhini kinaota. Kwa hiyo kwa mara ya kwanza siku ile nilienda polepole. Nilipofika tuta la tatu dada aliinama tuta la nne. Nilimwambia aache, hii ni kazi yangu, akajifanya hajasikia. Mwalimu Devota akashika la tano. Mama Nyanzobe alikaa kwenye jiwe, akituonyesha kwa kidole tulizoziruka.

Saa kumi na moja jioni tulikuwa tumetandaza zote juu ya majabali yaliyo karibu na maji, kwa sababu mashina mabichi hayataki kuwaka. Mama Nyanzobe alisema atayachoma mwenyewe yakikauka. Kisha akamuuliza dada, si mimi, atapanda nini. Dada alijibu kwamba hajui.  Mwalimu Devota alisema shuleni kuna viazi vitamu, atawaletea marando ya kupanda kesho, na hilo kwa siku ile lilitosha.

Jumamosi asubuhi, shambani kwa dada. Alikuwa bado na mashina kumi na mawili ukingoni ambayo hakuwa ameyavuna. Nilimwambia kwamba si lazima kirusi kiwe kwenye kila shina, na kwamba pengine moja au mawili yamesalimika. Nikainama kuyakagua majani.

"Acha macho," alisema dada. "Kapime."

Alichana vitambaa vya rangi mbalimbali kutoka kwenye nguo kuukuu, akafunga kimoja kwenye kila shina, na kipande cha kitambaa hichohicho akakitia kwenye bahasha ya majani yake. Alifanya kwa utaratibu mzuri kuliko tunavyofanya maabara. Aliniaga kwa mkono, akanikumbusha nile njiani. Tulipofika kwenye pikipiki nilimwomba radhi. Aliniambia niendeshe taratibu.

Saa sita, daraja tena. Bahasha kumi na mbili zilikuwa ndani ya koti langu, na nilikuwa nazigusa kila baada ya muda kama mtu aliyebeba pasipoti. Pale Usagara nilipunguza mwendo. Nusu ya shamba la Lameck ilikuwa imekwisha kuwa udongo mtupu. Alinipungia mkono kwa mbali bila kuacha kazi.

Jumatatu, maabara. Nilisaga majani ya dada mwenyewe, nikakataa kusaidiwa. Nikaweka kwenye mashine, na nikafanya jambo ambalo wenzangu bado wanalisimulia: nilivuta kiti nikakaa. Mstari wa kitambaa chekundu uliinuka. Wa bluu ukainuka. Wa maua, wa mistari, wa kaki, yote ikapanda mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja nilikuwa nauona ukitumia jua la dada yangu, mvua yake na mgongo wake. Mmoja ulilala. Nilingoja mpaka mashine ilipojizima, ukawa bado umelala. Jumanne nikarudia jani la pili la bahasha ile. Ukalala tena.

Mimi nilikwenda safari hii nikiwa na majibu mfukoni, na nilichorudi nacho ni kwamba kirusi kile kilivuka ziwa kwa kutumia vitu vyetu vizuri kabisa: ukarimu wa dada, adabu yake ya kutolaumu zawadi, na jina langu la mtu wa maabara. Hakikuhitaji kuleta chochote chake. Kama mmoja wetu angekubali kuwa mkorofi kidogo mapema, mimi kwa kumcheleweshea mbegu, au yeye kwa kunisuta kwa uozo wa mbegu hiyo, kingeishia Usagara, au angalau shambani kwa dada.

Nilimpigia jioni ileile. Tangu siku ile simu yake haizimwi.

"La kitambaa cha kijani ni safi," nilimwambia. "Nitalipima tena baada ya mwezi, lakini kwa sasa ni safi."

"Moja?"

"Moja."

 Nilisikia kuku, na sauti ya mtu akifagia. Nilimweleza kwamba shina hilo litatoa pingili chache, azipande peke yake, mbali na muhogo mwingine wowote, na kwamba mwaka huu na pengine ujao asimgawie mtu hata moja mpaka ziongezeke na tuzipime. Nilijua ninachomwambia. Mwanamke ambaye hajawahi kumnyima mtu mbegu, sasa atakuwa na mbegu safi uani, kila mpita njia anaiona, naye atasema hapana.

"Watakuja kuomba," alisema. "Mama Nyanzobe atakuja wa kwanza."

"Atakuja."

"Nitamwambia ni wewe uliyenikataza."

"Mwambie hivyo, dada," nikasema. "Mwambie ni mimi."